Katika Darasa la Lugha, Mwanafunzi Naye Aseme

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa lugha wa shule za sekondari na watumishi wa Serikali huko Songwa, Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga.



Nimeombwa nizungumze juu ya ufundishaji wa lugha katika shule zetu za sekondari, na jinsi ufundishaji huo unavyoweza kumweka mwanafunzi mahali panapomstahili, yaani katikati ya somo. Nashukuru kwa heshima hiyo. Lakini kabla sijasema lolote juu ya mbinu, ningependa tuulizane swali moja la msingi: kijana wa hapa petu anajifunza lugha ili afanye nayo nini?

Hilo si swali la vitabuni. Tumekutana Songwa, jirani na Mwadui, ambako almasi imechimbwa tangu Williamson alipoigundua mwaka 1940. Ukienda upande wa magharibi, kupita Kahama hadi Geita, unaingia katika nchi ya dhahabu, yenye migodi mikubwa na maelfu ya wachimbaji wadogo. Kijana anayetoka katika shule zetu, basi, hakabiliwi na shamba la pamba na zizi la ng'ombe tu kama babu yake. Anakabiliwa pia na karatasi. Mkataba wa kazi ni karatasi. Leseni ya uchimbaji mdogo ni karatasi. Makubaliano kati ya mwenye duara na wachimbaji wake yangepaswa kuwa karatasi, na yasipoandikwa huwa ni chanzo cha ugomvi. Stakabadhi ya mauzo katika soko la madini, kama lile lililofunguliwa Geita mwaka 2019, nayo ni karatasi. Na kila karatasi ni lugha.

Tarehe 7 Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa Mwadui zilibomoka, na tope likaingia katika makazi na mashamba ya wananchi wa vijiji vya jirani. Linapotokea jambo la namna hiyo, mwananchi hana budi kuorodhesha mali yake, kueleza mipaka ya shamba lake, kusoma yale ambayo mthamini ameandika juu yake, na kusimama katika mkutano kusema kama hakubaliani. Kuandika, kueleza, kusoma na kujadili: yote manne yamo katika muhtasari wa somo la lugha, nasi hudai kwamba tumeyafundisha. Je, kijana aliyemaliza kidato cha nne aweza kukaa na bibi yake wakaifanya kazi hiyo pamoja bila kumtafuta mtu wa kuwasemea?

BARUA NILIYOMWANDIKIA MWANAFUNZI WANGU

Naomba nitoe ushuhuda dhidi yangu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu kijana nilifundisha barua rasmi kwa bidii kubwa. Niliandika sehemu zake ubaoni: anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, mtajo, kichwa cha barua, kiini, mwisho, saini, jina na cheo. Wanafunzi walinakili, wakakariri, na katika jaribio wengi walizitaja zote bila kukosa. Nilifurahi.

Miezi michache baada ya mtihani wa mwisho, mmoja wa wale waliofanya vizuri alinijia nyumbani. Alikuwa amefanya kazi ya kubeba mawe katika machimbo kwa majuma kadhaa, na hakulipwa. Alitaka kuwasilisha malalamiko yake katika ofisi ya kijiji. Akaniomba nimwandikie barua.

Nilimwandikia. Lakini usiku ule sikupata usingizi mapema. Kijana yule alizijua sehemu kumi za barua rasmi. Alichokosa ni barua yenyewe. Katika miaka minne hakuwahi hata mara moja kumwandikia mtu barua ya kweli, juu ya jambo la kweli, ikasomwa na kujibiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema na kuandika muda wote ule. Yeye alikuwa mnakili wangu. Nilikuwa nimemfundisha habari za lugha, sikumfundisha lugha.

SI JAMBO LILILOLETWA NA WAGENI

Wako wenzetu wanaoamini kwamba habari hii ya kumfanya mwanafunzi kuwa kiini cha somo ni mtindo wa kigeni, ulioletwa na semina na wafadhili. Hawa nawaomba warudi nyuma kidogo. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka shule zetu zimjengee kijana mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na wanayoyafanya wengine na kuyakataa au kuyarekebisha kwa mujibu wa mahitaji yake, na kujiamini kwamba yeye ni mtu huru na sawa na wenzake katika jamii. Nawauliza, Ndugu Walimu: akili ya kudadisi itajengwaje katika chumba ambamo anayeuliza maswali ni mtu mmoja tu, tena majibu yake tayari anayo?

Tena hapa Kanda ya Ziwa tunayo historia ambayo tumeisahau. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, Serikali yetu ikishirikiana na UNESCO iliendesha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Wazo lake lilikuwa rahisi. Mkulima wa pamba ajifunze kusoma kwa kitabu kinachozungumzia pamba. Mfugaji asome habari za ng'ombe, mvuvi asome habari za uvuvi, mwenye migomba asome habari za migomba. Maneno ya kwanza aliyoyasoma yalikuwa maneno aliyokwisha kuyatumia mdomoni mwake maisha yake yote. Baadaye, mwaka 1974, likaanza kuchapwa Mwanza gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho, ili waliokwisha kujua kusoma wasikose cha kusoma.

Kampeni ya taifa ilifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Ilipofika mwaka 1975 walikuwa wamebaki 39. Sisemi kwamba kila darasa la watu wazima lilikuwa zuri. Yapo yaliyokuwa ya kuitikia kwa pamoja kama kwaya, na wako waliosahau herufi mara vitabu vilipokwisha. Lakini mwelekeo ulikuwa sahihi: somo lilianzia katika kazi na maisha ya anayejifunza. La kusikitisha ni kwamba mama aliyejifunza kusoma chini ya mti miaka ile alianza na maneno yake mwenyewe, ilhali mjukuu wake aliye sekondari, mwenye dawati na sare, anaanza na maneno ya mwalimu na kuishia nayo.

Mtaala wetu wa sekondari ulibadilishwa mwaka 2005 ili ujenge umahiri badala ya kulundika maarifa, na mtaala mpya ulioanza kutumika mwezi Januari 2024 unasisitiza jambo hilo hilo. Kwa hiyo hatupungukiwi na maandishi. Umbali uliopo ni kati ya maandishi hayo na ubao.

SEKUNDE SABA NA NUSU

Sasa tuingie darasani na tupige hesabu. Kipindi ni dakika 40. Chukueni darasa lenye wanafunzi 80, jambo ambalo si la ajabu katika shule zetu za kata. Mwalimu akisema na kuandika kwa dakika 30, zimebaki dakika 10. Dakika hizo ni sekunde 600. Ukizigawa kwa wanafunzi 80, kila mmoja anapata sekunde saba na nusu za kusema lugha anayojifunza. Na kwa kweli hata hizo hazipati, kwa kuwa wanaonyoosha mikono ni wale watano wa mbele siku zote.

Zichukueni sasa dakika hizo hizo 10, muwaambie wanafunzi wageukiane wawili wawili, kila mmoja amweleze mwenzake jambo moja mlilolichagua. Kila mmoja amepata dakika tano. Hakikununuliwa kitabu, hakikujengwa chumba, hakikuongezwa kipindi. Kilichobadilika ni kwamba mwalimu amenyamaza na kuanza kusikiliza.

Nimesema kusikiliza, wala sikusema kupumzika. Wako wanaodhani kwamba kumweka mwanafunzi katikati ya somo ni kumwachia darasa na kwenda ofisini. Sivyo hata kidogo. Mwalimu wa namna hii anafanya kazi zaidi, kwa sababu anapita kati ya madawati, anaandika makosa anayoyasikia, na dakika tano za mwisho anarudi ubaoni kuyasahihisha yale yaliyo ya wengi. Kanuni ya sarufi inakuja baada ya hitaji lake kuonekana, kama dawa inavyokuja baada ya ugonjwa kujulikana.

Naomba nitoe mifano michache inayowezekana katika shule yoyote yenye chaki.

Wa kwanza ni kumbukumbu za mkutano. Badala ya kutaja sehemu za kumbukumbu, lifanyeni darasa kuwa mkutano mkuu wa kijiji. Awepo mwenyekiti, awepo mtendaji, wawepo wananchi wenye hoja zinazopingana, kwa mfano juu ya eneo la malisho linalotakiwa na wachimbaji. Nusu ya darasa ijadili, nusu iandike kumbukumbu. Kisha kumbukumbu mbili zisomwe, na darasa liamue ipi imesema kweli juu ya yale yaliyosemwa. Hapo mwanafunzi ataona kwa macho yake kwamba anayeshika kalamu ana madaraka, na kwamba neno moja likiachwa, uamuzi unaweza kugeuka.

Wa pili ni msamiati. Watumeni wanafunzi wakusanye maneno ya kazi za wazazi wao: duara, karasha, zebaki, kuchenjua, mwalo, maneno ya pamba, ya mifugo, ya bwawa. Kila neno liandikiwe maana kwa sentensi safi, na mfano wa matumizi yake. Baada ya muhula mmoja shule itakuwa na kamusi yake ndogo, na mwalimu mgeni aliyetoka mkoa mwingine atakuwa mwanafunzi wa wanafunzi wake. Aibu haipo hapo. Hilo ni somo la uundaji wa maneno, la maana na la utungaji kwa wakati mmoja.

Wa tatu ni barua. Kila muhula kila mwanafunzi aandike barua moja ya kweli, inayokwenda kwa mtu wa kweli: kwa bwana shamba kuuliza juu ya viuatilifu, kwa ofisa wa maji, kwa mganga wa zahanati, kwa diwani. Nitarudi kwa watumishi wa Serikali juu ya jambo hili.

KISUKUMA SI ADUI

Wanafunzi wengi wa hapa wamekuja na Kisukuma mdomoni. Katika shule kadhaa nimeona mtoto akivikwa kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama yake, na mahali pengine kwa kosa la kuzungumza Kiswahili katika shule inayotaka Kiingereza tu. Ndugu zangu, adhabu hiyo ni masalio ya kasumba ya kikoloni. Haimfundishi mtoto Kiingereza, inamfundisha kunyamaza. Na mtu aliyefundishwa kunyamaza hafundishiki lugha yoyote.

Chukueni mfano wa matamshi. Kisukuma hakina sauti ya r kama ilivyo katika Kiswahili, wala dh. Kwa hiyo mwanafunzi anasema lafiki na balabala, na anaandika zahabu ingawa amezaliwa juu yake. Mwalimu anacheka, darasa linacheka, na mtoto hasemi tena mpaka mwisho wa mwaka. Njia nyingine ni kuwapa wanafunzi wenyewe kazi ya kutafuta jozi za maneno ambayo herufi moja inabadili maana: kura na kula, mahari na mahali, mbari na mbali. Wakikutana na sentensi ya mgombea anayewaomba wananchi kula badala ya kura, watacheka pamoja, tena watakumbuka. Kosa limekuwa mali ya darasa zima, halikubaki kuwa aibu ya mtu mmoja.

Vivyo hivyo katika sarufi. Mtoto wa Kisukuma anazifahamu ngeli tangu utotoni, kwani lugha yake ina mpangilio wa ngeli kama Kiswahili, pamoja na ka- na tu- za vitu vidogo. Mwacheni alinganishe. Aziweke sentensi za nyumbani kando ya sentensi za kitabu, aitafute kanuni mwenyewe. Atagundua kwamba somo analolihofia tayari analijua nusu yake.

KIINGEREZA NACHO

Kuhusu Kiingereza nitasema kwa ufupi. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mjadala wake unaendelea hadi leo. Mimi sikuja kuumaliza hapa Songwa. Nasema tu kwamba maadamu fizikia na masomo mengine yanafundishwa kwa Kiingereza, mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza amebeba shule nzima mgongoni. Mwanafunzi akiwa bubu katika somo lake, atakuwa bubu katika masomo yote. Basi huyo ndiye wa kwanza anayepaswa kuwapa wanafunzi nafasi ya kusema, hata kama wataanza na sentensi mbovu. Hakuna mtoto aliyejifunza kutembea kwa kuandika maelezo juu ya miguu.

PINGAMIZI

Nazisikia pingamizi zenu, na zina uzito. Mtasema: mtihani unatusubiri. Ni kweli. Lakini mtihani huo huo unataka insha, unataka ufahamu, unataka barua. Mwanafunzi aliyeandika barua nane za kweli hatashindwa na ya tisa aliyopewa na Baraza la Mitihani. Anayeshindwa ni yule aliyekariri insha moja na kukuta mada imegeuzwa.

Mtasema: nani atasahihisha? Nalo ni swali la haki. Insha 80, kila moja dakika tano, ni dakika 400, yaani saa sita na dakika 40, na mwalimu ana mikondo miwili au mitatu. Hakuna binadamu awezaye kufanya hivyo kila juma. Basi sahihisheni insha kumi kwa ukamilifu kila juma. Baada ya majuma manane kila mwanafunzi amesahihishwa vizuri mara moja. Zile nyingine wabadilishane madaftari, kila mmoja akitazama mambo matatu tu mliyokubaliana: je, kila aya ina jambo lake, je, upatanisho wa kisarufi ni sahihi, je, msomaji ameelewa kinachotakiwa? Mwenye kusahihisha kazi ya mwenzake naye anajifunza, pengine kuliko mwenye kazi.

Mtasema: darasa litakuwa na kelele. Naam, litakuwa na kelele. Karakana nayo ina kelele, wala hatusemi kwamba mafundi wake hawana nidhamu.

WAJIBU WA WATUMISHI

Sasa nageukia upande wa watumishi wa Serikali, maana si haki kumtwika mwalimu mzigo huu peke yake. Wathibiti ubora wa shule wanapoingia darasani wasiishie kukagua andalio la somo na wingi wa maelezo yaliyonakiliwa. Waulize: wanafunzi wangapi wamesema leo? Kazi ngapi za kutunga zimesahihishwa muhula huu? Mwalimu anafuata kile anachopimwa nacho. Tukimpima kwa maelezo ya ubaoni, atatupatia maelezo ya ubaoni.

Nanyi mlio katika ofisi za kata, za wilaya na za idara, nina ombi moja ambalo halihitaji fungu la fedha. Barua ya mwanafunzi ikifika mezani kwenu, ijibuni. Hata kwa mistari mitatu, ijibuni. Mtoto wa kidato cha pili akipokea jibu lenye mhuri kutoka kwa ofisa wa maji, amejifunza kwa siku moja jambo ambalo mwalimu hawezi kulifundisha kwa mwaka: kwamba neno lake lina uzito mbele ya Serikali yake. Barua isiyojibiwa nayo inafundisha, lakini somo lake ni baya. Vilevile fungueni milango ya mikutano ya vijiji ili vijana wakae nyuma, wasikilize na kuandika. Na fomu zenu ziandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, ili walimu wapate vielelezo vyema vya kufundishia.

Ndugu Mwenyekiti, kijana yule niliyemwandikia barua alirudi kunishukuru. Alikuwa amelipwa sehemu ya fedha zake. Aliniambia kwamba barua yangu ilikuwa nzuri sana. Yeye alisema hivyo kwa shukrani. Mimi niliisikia kama hukumu, kwa sababu ile ilipaswa kuwa barua yake.

Nawaomba kesho asubuhi, katika kipindi chenu cha kwanza, mtoe dakika kumi tu kwa wanafunzi wenu. Wageukiane, waseme, nanyi msikilize. Mkiona haifai, iacheni. Lakini nina hakika kwamba mtasikia mambo ambayo hamkujua kuwa wanayajua.